Staringi Kauzu: Namna ya Kuangalia Sizoni ya Kikorea ya Mtu Aliyefunga Moyo

Kila baada ya muda kuna mteja ananirudishia flashi na lalamiko lilelile: "Dada, sizoni yako staringi kauzu. Hacheki, halii, haongei. Nimeishia episodi ya kwanza." Naandika hapa nisirudie tena kumwelezea mmoja mmoja huku nimebana rasta kwa meno.

Mimi msusi. Saluni yangu iko Sinza, upande wa Mori, na TV imetundikwa juu ya kioo cha katikati. Mteja wa rasta ndogondogo akikaa saa tatu asubuhi, kunyanyuka ni saa kumi, tena akiwa na bahati. Muda wote huo kichwa kimeshikwa, shingo haigeuki, macho yako kwenye TV atake asitake. Basi nimeshaona Wakorea wanavyopokelewa na watu wa kila namna: bibi harusi na wapambe wake, mama wa kuweka dawa, wanafunzi wa chuo, hata waume waliopita kulipia tu wakajikuta wamevuta kiti.

Lalamiko lenyewe nalielewa. Tumekulia kwenye sinema ambazo mtu akiumia analia mpaka kamasi, akikasirika anavunja glasi, akipenda anaimba na mvua inanyesha. Leo unaletewa msichana kama Lee Ji-an wa My Mister, ya mwaka 2018, anapigwa na mtu anayemdai na uso haubadiliki, unasema huyu kuigiza hajui. Anajua sana. Aliyeigiza ni IU, mwimbaji mwenye jina kubwa kwao, na ule uso mkavu ndio kazi yenyewe. Kinachotakiwa ni wewe kujua pa kuangalia.

Anza na flashi

Usichukue iliyotafsiriwa na DJ. MaDJ wetu nawapenda, kwenye sinema ya mapanga na magari hawana mpinzani, na kuna sizoni nimezimaliza kwa ajili ya DJ tu. Lakini DJ kazi yake ni kuongea. Akikutana na dakika mbili za kimya anaona kama ameacha kazi, anazijaza.

Kuna sehemu Ji-an anarudi kwake usiku. Mchana ni kibarua wa ofisini, baadaye anaosha vyombo mgahawani, na mabaki ya wateja ndiyo anayobeba kwenda kula. Nyumbani anachana pakiti za kahawa ya unga, zile zenye maziwa na sukari humohumo, alizozichomoa ofisini bila kuaga. Anakoroga, anakunywa. Hasemi neno. Ile kahawa na yale mabaki ndiyo mlo wake. Sasa nakala ya DJ niliyowahi kuletewa, hapohapo jamaa akatia maneno: "Anawaza moyoni, huyu bosi nitamnasa vipi?" Saluni nzima ikadaka hilo. Kuanzia pale kila alichofanya Ji-an kikasomwa kwa jicho la mwizi wa waume, mpaka nikazima TV na kuweka redio.

Kwa hiyo chukua yenye maandishi ya chini. Ukienda laibrari, lile duka la kujaziwa sinema kwenye flashi, mwambie kijana akuwekee na faili la maandishi, na uhakikishe lina jina lilelile la faili la video, herufi kwa herufi, ndani ya folda moja. Yakitofautiana, TV nyingi hazilioni. Halafu jaribu palepale dukani: sogeza mpaka katikati ya episodi, tazama kama maneno yanatoka pamoja na mdomo. Kwenye sinema ya ngumi maandishi yakichelewa kidogo unavumilia. Kwa mtu anayetoa maneno manne kwa siku, yakichelewa hutajua lipi kamwambia nani.

Unaangalia na watu ambao Kiingereza hakipandi? Basi wewe ndiye mkalimani, na sheria ni moja: tafsiri kilichosemwa. Akinyamaza, nyamaza. Wakikuuliza "anawaza nini hapo?" jibu "hata mimi naangalia." Watakasirika kidogo. Halafu utaona wenye vichwa huru wanasogeza viti karibu na TV.

Usitoe hukumu kabla ya episodi ya nne

Sizoni nyingi za aina hii zina episodi 16, kila moja saa nzima na zaidi, na kwao Korea zinarushwa mbili kwa wiki. Ina maana Mkorea alikaa na Ji-an karibu miezi miwili. Anamwona Jumatano na Alhamisi, kisha anarudi kazini kwake, anakutana na wanunaji wa ofisini kwake, siku zinapita, Jumatano inafika tena. Sisi tunazifuta zote kati ya Ijumaa usiku na Jumapili jioni, halafu tunalalamika kwamba mtu hafunguki upesi. Angefunguka saa ngapi, na hujampa hata siku ya kufua?

Nyumbani ushauri wangu ni mbili kwa usiku, kisha zima, hata kama mkono unawasha. Saluni hilo haliwezekani, kwa hiyo naweka mbili, naingiza taarab au taarifa ya habari, ndipo naweka nyingine mbili. Katikati hapo watu wanabishana. Usiwakatishe, nusu ya utamu wa mtu aliyefunga moyo iko kwenye ubishi anaouacha nyuma yake.

Uso uache, fuata mikono, sahani na masikio

Hapa ndipo penye kazi.

Ji-an amepewa dili na mkubwa mmoja wa kampuni: amwangushe Park Dong-hoon, mhandisi wa majengo, mtu mzima, mpole, ambaye mkewe anatembea na mkubwa huyohuyo. Msichana anaitega simu ya Dong-hoon na kuanza kumsikiliza kupitia spika za masikioni. Anasikia akipanda ngazi, akihema, akinywa na ndugu zake, akiongea na mkewe kwa adabu ya mtu aliyechoka. Mwanzoni ni kazi, anasikiliza kama askari wa doria. Baadaye usiku unaingia, hana tena cha kupeleleza, na spika bado ziko masikioni. Hajasema kwamba anamjali mtu. Hatasema leo wala kesho. Spika zile ndizo uso wake, zitazame zinavyovaliwa na zinavyovuliwa.

Halafu chakula. Ukiona mtu anachukua kipande kwenye sahani ya kati na kukiweka juu ya wali wa mwenzake, tulia, hapo kuna habari. Kwenye vinywaji, kumimina kwa mikono miwili ni heshima, na mdogo mara nyingi hugeuza uso pembeni anapokunywa mbele ya mkubwa. Mtu aliyezoea kufanya hivyo akiacha, kuna kilichobadilika: ama wameshibana, ama kavunjiwa heshima. Uso wa anayepokea glasi utakwambia ni kipi.

Masikio nayo. Hata kama Kikorea hujui hata salamu, sikiliza sentensi zinavyoishia. Mazungumzo ya adabu mara nyingi yanafungwa na "yo". Mhusika aliyekuwa anamalizia "yo, yo, yo" siku zote akiidondosha ghafla, ni sawa na kijana wa jirani aliyekuwa akikupa shikamoo kila asubuhi, leo anakwambia "mambo". Maandishi ya chini hayawezi kukuonyesha hilo, yataandika sentensi ileile. Nilipowafundisha wasichana wangu wa saluni kusikiliza "yo", sasa wanaidaka kabla yangu, mmoja anapiga kelele "ameiacha! ameiacha!" na mteja anadhani nimeacha nywele.

Na kitendo kimoja kikubwa kikitokea katikati ya ukimya, usiulize sababu, kirudie. Kwenye My Liberation Notes ya mwaka 2022, ya mwandishi yuleyule wa My Mister, Park Hae-young, kuna mwanaume anaitwa Bwana Gu. Jina lake la kwanza halijulikani, alikotoka hakujulikani, mchana anamsaidia mzee mmoja kutengeneza masinki, jioni anakunywa soju, pombe kali ya kwao, mpaka analala. Siku moja upepo unachukua kofia ya Mi-jeong, binti wa yule mzee, unaitupa ng'ambo ya mtaro mpana. Bwana Gu anarudi nyuma, anakimbia, anaruka. Anaokota kofia, anarudi nayo. Basi. Saluni ilipiga yowe, boda aliyekuwa anasubiri abiria nje akaingia kuuliza kama kuna mtu kaungua na draya.

Swali la kumuuliza anayetukana

Nimelisikiliza hili muda mrefu na sasa nalisema wazi: watu hawachukii ukimya. Wanachukia ukimya wa maskini, na zaidi wa mwanamke maskini.

Bwana Gu ni mlevi, hana jina, haamkii mtu. Wateja wangu walimwitaje? "Mwanaume katulia." "Huyo hana maneno ya ovyo." Mwingine akasema angempikia. Hong Hae-in wa Queen of Tears, ya mwaka 2024, ni mkurugenzi wa maduka ya kifahari, anamwangalia mume wake kama risiti iliyokwisha muda, mpaka mume anapanga kuomba talaka ndipo anaambiwa mke ana ugonjwa na miezi yake inahesabika. Waliwahi kupoteza mimba wakaomboleza kila mmoja kivyake, na hilo utalijua taratibu. Hae-in alipokelewaje? "Ana misimamo." "Tajiri acheke ili iweje?" Na makoti yake yalijadiliwa kuliko ugonjwa.

Akaja Ji-an, uso mkavu uleule, miaka 21, madeni juu, bibi kiziwi wa kumtunza, viatu vya raba kwenye baridi. Yeye akaitwa ana roho mbaya. Anaringa. Jicho la mchawi.

Kwa hiyo mteja akianza, namuuliza kwa upole: "Mama, huyu angekuwa mwanaume ungesemaje?" au "Angekuwa na gari je?" Usiulize kwa kumsuta, uliza huku unachana nywele, kama unauliza bei ya nyanya. Wapo wanaocheka wakakubali. Wapo wanaosonya. Mmoja alinijibu, "Angekuwa na gari asingekuwa kauzu, angekuwa bize," na hapo mimi ndiye niliyecheka.

Mwingine sikuhitaji hata kumuuliza. Mama wa makamo, muuza vitenge, alikuja kusukwa kwa ajili ya harusi ya mwanawe, na tangu asubuhi alikuwa anamshushua Ji-an kwa kila hatua. "Hako katoto hakana shukrani. Tazama anavyoangalia watu." Ikafika ile sehemu Ji-an anamkalisha bibi yake kwenye toroli la supamaketi na kumsukuma usiku akauone mwezi. Mama akanyamaza. Kisha:

"Huyo bibi hasikii?"

"Hasikii."

"Na anamsukuma mwenyewe, kote huko?"

"Mwenyewe."

Akakaa kidogo, halafu akamwambia msaidizi wangu, "Hebu ongeza sauti." Hakukuwa na sauti ya kuongeza, Ji-an na bibi yake wanaongea kwa mikono. Msaidizi aliongeza hivyohivyo. Wakati wa kurudi Dong-hoon anawakuta, anambeba bibi mgongoni kupanda ngazi, na anapoondoka anamwachia Ji-an neno moja tu, kwamba ni mwema. Yule mama hakuacha kutukana siku ile, alihamisha matusi yote kwa kijana wa madeni, na kwa kweli yalimstahili.

Jua kafungwa na nini

Usiwaweke wote kapu moja. Hae-in kajifunga kwa fahari, na fahari inapasuka mapema, ndiyo maana ni rahisi kumpenda. Ji-an kafungwa na kipigo na deni. Bwana Gu anakimbia kitu ambacho sitakisema hapa. Hwang Si-mok wa Stranger, ya mwaka 2017, yeye ni suala la hospitali: alifanyiwa upasuaji wa ubongo utotoni kwa sababu sauti zilikuwa zinamtesa, na akatoka na hisia zimefifia. Ni mwendesha mashtaka, anachunguza mauaji na rushwa ya wakubwa wake, na huwezi kumnunua kwa kuwa hana kiu ya kupendwa. Kwake usisubiri machozi. Mwangalie Han Yeo-jin, afisa wa polisi anayefanya naye kazi na anayependa kuchora watu. Joto lote liko kwake, na Si-mok utampima kwa jinsi anavyoanza kumsubiri, kumjibu, kukaa naye meza moja.

Hii ndiyo sizoni ya waume wanaosubiri wake zao. Hakuna mapenzi ya kuwatia aibu, kuna kesi, na mtu asiyecheka kwao ni ishara ya akili.

Watazamaji wako nao wana aina zao

Aliyekwisha kuiangalia mpe kazi: awe mshika rimoti au akakate matunda. Asipokuwa na kazi atasema, "Subirini, subirini muone," na kwa sizoni ya mtu anayefunguka kidogokidogo, hilo ni kama kuwapa watu majibu kabla ya mtihani.

Anayeongea na TV muache. "Mwambie basi! Si umwambie!" Kelele zile ni dalili kwamba ukimya umemwingia, asiyeguswa hushika simu. Wa kumchunga ni huyo wa simu. Akiinama sekunde kumi kwenye Bongo movie hajapoteza kitu, hapa kapoteza mkono uliorudishwa mfukoni. Mimi namwambia hivyo tu: weka simu mpaka watie chai.

Anayelia mapema hana tatizo, mpe tishu na usimtangaze.

Na kuna anayesubiri busu. Kwa My Mister nasema mwanzoni kabisa, kabla sijachomeka flashi: jamani, busu la mapenzi halipo. Huyu ni mtu mzima na binti, wanaokoana, mwisho wanaagana kwa heshima. Wachache hukunja uso. Bora wakunje saa tatu asubuhi kuliko wakae siku nzima wakitegea mlango wa chumba cha kulala na kukosa kila kitu kinachopita barabarani na mgahawani.

Mpangilio wa kuziangalia

Kwa mgeni, anza na Queen of Tears. Ina nguo, ina ukwe, ina kijijini kwa akina Hyun-woo, mume wa Hae-in, ambako wakwe wanachekesha, na ukauzu wa Hae-in unayeyuka mbele ya macho. Nyumba yenye wapenda kesi, ruka moja kwa moja mpaka Stranger. My Mister iwe ya tatu, jicho likishazoea.

My Liberation Notes weka mwisho, na usiipeleke kwa mtu mwenye haraka. Watoto watatu wa mzee yule wa masinki wanaishi mbali na Seoul, wanasafiri kwenda kazini na kurudi, wanafika usiku, wamechoka, hawana la kusema mezani. Hakuna kinachotokea mpaka kitokee. Wateja wangu wa Sinza walipiga miayo. Wanaotoka Chanika na Mbagala, wa kuamka saa kumi alfajiri kuwahi gari la Posta, walielewa episodi ya kwanza ilivyo na hakuna aliyeuliza kwa nini Mi-jeong hacheki.

La mwisho ni ratiba. Episodi ya 16 usiiweke Jumamosi kukiwa na bibi harusi kitini. Kope za kubandika hazihimili, gundi inaachia, na wa kurudia kazi bure ni wewe. Mimi naiweka Jumanne, wateja wakiwa wachache, na anayetaka kuja tu kuangalia bila kusukwa alete soda yake.